Mzazi Hatumwi Kuni

Vijana wangu wa chenso, nimechoka kueleza haya nikiwa nimesimama mlangoni. Nimehamia hapa Ipogolo kwa binti yangu ili nipumzike, nikae kwenye joto, ninywe uji wangu na kusikiliza malori yakipandisha mlima kwenda mjini. Lakini haipiti wiki bila mmoja wenu kushuka kwenye bodaboda na mashine ndani ya kiroba. Ananiamkia "Shikamoo babu," na kabla sijamaliza kuitikia ameshafungua kiroba: "Babu, naomba uiongeze pumzi." Nani anawaelekeza kwangu, sijui. Basi nimeamua kuandika mara moja. Najua mkishasoma bado mtakuja, maana sikio la kufa halisikii dawa, lakini angalau nitakuwa na karatasi ya kuwapa nikiwa nimekaa.

Tuanze na hiyo pumzi, kwa kuwa ndiyo inayowanyima usingizi.

Chenso, huu msumeno wa injini, ni mnyama mdogo mwenye pafu moja. Anavuta hewa kupitia kabureta, anaichoma, anaitoa kupitia eksozi. Kiwanda kimemwekea tundu dogo la kutolea ili asipige kelele, na ninyi mmeona kwenye simu kwamba ukilipanua tundu hilo mashine inapata nguvu. Ni kweli, inapata. Ila kwenye simu yule mtu anatoboa, anawasha, anacheka, video imekwisha. Hawaonyeshi mashine hiyo hiyo baada ya mwezi mmoja wa kupasua miti ya milingoti.

Ukipanua eksozi, mashine inavuta hewa nyingi kuliko zamani, na hewa nyingi bila petroli ya kutosha ni moto mtupu. Kwa hiyo siku hiyo hiyo unayotoboa, shika bisibisi, fungua kidogo ile skrubu ya kabureta inayolisha mwendo mkubwa. Kisha kanyaga mafuta mashine ikiwa nje ya gogo na usikilize. Ikiwa nje ilie kwa kubabaika kidogo, kama mtu mwenye kigugumizi, na ikiingia kwenye gogo kigugumizi kiishe sauti isafike. Ikilia safi sana nje ya gogo, mmoja wenu atapiga makofi na kusema inaimba. Hiyo inakufa.

Na tundu lenyewe lisizidi mdomo wa silinda unaotoa moshi. Kulikuwa na jamaa wa Mafinga aliyeng'oa matumbo yote ya eksozi, akabaki na kopo tupu. Kwa siku chache alikuwa mfalme, mashine yake ilisikika hadi vijiji vya mbali na mbwa walikuwa wanamkimbia. Kisha moto ukayeyusha plastiki ya mbele, plastiki ikashika glavu, akaja kwangu mkono ukiwa umeganda kwenye mshikio. Nilikata ile glavu kwa kisu na yeye wakati wote ananiuliza kama nguvu tunaweza kuiacha ilivyo.

Jingine. Mashine iliyorekebishwa Nyololo, kwenye baridi na juu mlimani, usiipeleke Pawaga wala Usangu bila bisibisi mfukoni. Kule juu hewa ni nyepesi, kwa hiyo fundi anaibana petroli ilingane nayo. Ukishuka bondeni hewa inakuwa nzito, petroli ni ile ile kidogo, na pistoni inakwaruzika kabla hujamaliza mti wa kwanza. Wengi wamenitukana kwa simu kutoka huko bondeni wakidai nimewaharibia mashine. Mashine ilikuwa nzima, walichobadilisha ni nchi.

Mimi sikuzaliwa najua haya. Mimi ni mtoto wa Mufindi, nimekulia kwenye chai na ukungu, nikabatizwa Luka katika kanisa la Kilutheri, na nilipokwenda Mbalizi kutafuta kazi nilikuwa sijui hata kushika spana. Nilipokelewa na Fundi Shabani, mtu mnene, mpole, Mwislamu ambaye babu yake alitoka Kilwa na bidhaa za duka akasahau kurudi. Kiswahili chake kilikuwa cha kwao, laini, na sisi wa bara tulikuwa tunakikamata nusu nusu.

Fundi Shabani hakuwa anafungua mashine haraka. Kwanza alimwuliza mwenyewe alikuwa anakata nini. Kisha alinusa tangi. Kisha alitoa plagi akaitazama rangi, na baada ya hapo alifungua eksozi na kuichungulia pistoni kupitia ule mdomo wa moshi, akiwa amefumba jicho moja. "Luka mwanangu," alikuwa akiniambia, "pistoni haisemi uongo, mwenye mashine ndiye anayesema." Mikwaruzo ikiwa upande wa moshi, mashine imenyimwa oili au imekosa petroli. Ikiwa upande wa kabureta, imekula vumbi, mtu amekata bila kusafisha kichujio. Ikiwa pande zote nne, imepewa kazi kubwa kabla ya wakati wake. Hayo matatu tu yamenilisha maisha yangu yote.

Alinifundisha pia kuokoa silinda ambayo wengine wanatupa. Ikinoki, yaani ikikwama kwa joto, aluminiamu ya pistoni inayeyuka na kuganda kwenye ukuta wa silinda, ukiangalia utadhani imechanika. Haijachanika. Chukua ile dawa kali ya kusafishia vyoo, chovya kijiti chenye kitambaa, pakaza pale penye madoa tu. Itachemka na kutoa povu hadi aluminiamu yote iondoke, na ukuta wenyewe ubaki. Suuza sana, piga msasa laini. Fanyeni hivyo nje, upepo ukiwa mgongoni. Mke wangu marehemu aliwahi kukaa siku nzima akilaumu wapangaji kuhusu harufu ya choo, kumbe ni mimi na silinda nyuma ya jiko.

Sasa nifike kwenye lile neno nililoliandika juu ya karatasi.

Mashine ikishafanyiwa ovahoo, ringi mpya na ukuta wa silinda bado hawajazoeana. Inatakiwa matangi ya kwanza uichanganyie oili zaidi kidogo, ukate matawi, uipumzishe, usikanyage mafuta ukayashikilia. Fundi Shabani akimkabidhi mtu mashine ya namna hiyo alikuwa anasema: "Hii sasa ni mzazi. Na mzazi hatumwi kuni." Watu wa Mbalizi walicheka, maana mashine yenyewe ni ya kuni, lakini walimwelewa kwa sababu aliwaeleza kirefu. Mimi nilielewa vizuri zaidi binti yake alipojifungua. Kwao mwanamke aliyejifungua ndiye mzazi, na yumo ndani siku arobaini. Haoshi sufuria, hateki maji, majirani wanamletea uji wa pilipili manga, na kuni za kuchemshia maji ya kumkanda zinabebwa na watu wengine. Nilikuwa napita uani nikiona kuni zimepangwa hadi dirishani, na yule binti amekaa ndani kama malkia, analalamika joto.

Nilipofungua kibanda changu Nyololo, kando ya barabara kuu, nilikuja na msemo huo. Niliupenda. Nilikuwa nautumia miaka mingi bila shida yoyote, au labda shida zilikuwepo ila watu walinoki wakaenda kwa fundi mwingine.

Kisha akaja Mama Yusta.

Mama Yusta alikuwa mjane wa kijiji cha jirani, Mkatoliki, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Nyumba aliyoachiwa na marehemu ilikuwa ya udongo na masika yaliyopita ukuta mmoja ulilala chini, akahamia na watoto kwenye chumba cha kupanga pale barabarani. Kiangazi kile chote alifyatua matofali. Alipita mbele ya kibanda changu asubuhi na jembe na kurudi jioni na udongo hadi kwenye nyusi. Akapanga tanuri, akalikandika kwa udongo, akaliachia midomo ya kutilia kuni. Kilichobaki ni kuni. Mnajua wenyewe, tofali bichi ni udongo tu uliovaa umbo. Mvua ikilikuta kabla ya moto, kazi ya kiangazi kizima inarudi kuwa matope.

Alikuwa na chenso aliyoachiwa na mumewe, na kaka yake, Gaudensi, mtu mzima mwenye nguvu na moyo mwepesi, ndiye aliyetakiwa kumkatia kuni. Siku ya kwanza tu Gaudensi akanunua petroli kwenye chupa za kando ya barabara, zile za bodaboda, akajaza bila oili. Mashine ikapiga kelele moja ikanyamaza. Wakaniletea.

"Kamwene, mzee," Gaudensi aliniamkia, na sura ilikuwa ya mtu aliyevunja chungu cha mama mkwe. "Imezima tu yenyewe."

Nilichungulia. Upande wa moshi pistoni ilikuwa imechubuka yote. Niliagiza silinda na pistoni mpya kutoka Mbeya, zile za bei nafuu za siku hizi. Sizidharau, lakini zinakuja na midomo yenye makali ndani. Ukizifunga hivyo hivyo ringi inakwama kwenye ukingo na kukatika. Kwa hiyo niliketi na tupa ndogo ya duara na msasa, nikaviringisha kingo zote hadi ukipitisha ukucha haushiki. Eksozi nikaipanua kiasi, kwa kuwa walikuwa wanakwenda kukata milingoti mikubwa. Nilijitahidi kweli. Nilimwonea huruma yule mama, na tayari upande wa Makambako mawingu yalikuwa yanaanza kukusanyika mchana.

Nilimkabidhi Gaudensi mashine mkononi. Nikamwambia: "Sikiliza. Hii mashine sasa ni mzazi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee. Ni mzazi."

"Na unajua mzazi anavyotunzwa."

"Najua sana," alisema, na akaondoka akiwa na furaha.

Siku ya tatu mchana Mama Yusta alikuja peke yake. Aliweka mashine kwenye meza yangu taratibu, akaketi kwenye benchi na kutazama barabara. Nilivuta kamba, haikuvutika. Nilifungua eksozi nikachungulia, na mikwaruzo ilikuwa pande zote nne, myembamba, imenyooka. Oili ilikuwemo, petroli ilikuwa safi. Ilichofanyiwa ni kupelekwa moja kwa moja kwenye kisiki cha mlingoti ambacho watu wawili hawakikumbatii, ikakanyagwa mafuta bila kuachiwa.

"Mama Yusta," nilimwambia, na nakiri nilikuwa na hasira, "nilimwambia Gaudensi kwamba hii ni mzazi."

"Alituambia, fundi. Alipofika aliwaambia watu wote. Alisema fundi amesema hii mashine ni mzazi, zile zingine za kijijini ni watoto. Ndiyo maana akaipa kisiki kile kikubwa."

"Sasa mzazi ndiye wa kupewa kisiki?"

Akageuka akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Kwani mzazi ni nani, fundi? Mzazi si ndiye anayebebaga mzigo wa nyumba?"

Nikaanza kumweleza. Nikamweleza Mbalizi, Fundi Shabani, binti yake, arobaini, uji wa pilipili manga, kuni zilizopangwa dirishani. Alisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Hiyo ni ya huko kwao. Mimi nilipomzaa Yusta nilienda kuni kitovu chake hakijadondoka. Kwetu mzazi ndiye anayetumwa."

Huku kwetu mzazi ni baba au mama, ndiye anayeitwa shuleni, ndiye anayeulizwa kodi na sare. Nilikuwa nimezaliwa huku, mama yangu mwenyewe alichuma chai na mimi mgongoni, na bado nilikuwa nagawa ule msemo wa watu kama vile kila nyumba ina majirani wa kuleta uji. Niliona aibu.

"Kuna mashine nyingine ya kuazima?" akauliza.

Hakukuwa. Wenye chenso wote walikuwa na matanuri yao, wote walikuwa wanakimbizana na mawingu yale yale. Na pistoni nyingine kutoka Mbeya ingechukua siku ambazo mbingu haikuwa nazo.

Chini ya benchi nilikuwa na mzoga. Mafundi wote mnayo mizoga, msijifanye wasafi. Huu ulikuwa wa mashine iliyoangukiwa na mti wa msindano, kiwiliwili kimepasuka, ila silinda na pistoni yake zilikuwa nzima na zilishaishi pamoja miaka. Hilo ndilo jambo la kulishika: silinda na pistoni zilizozeeka pamoja usizitenganishe, zihamishe zote mbili, hazihitaji tena kulelewa. Tatizo ni kwamba ilikuwa ya toleo jingine. Matundu ya boliti yalilingana, lakini pistoni ilikuwa inapanda juu zaidi kuliko inavyotakiwa kwenye kiwiliwili cha Mama Yusta. Ukifunga hivyo hivyo, kichwa cha pistoni kinagonga dari la silinda na kazi imekwisha.

Dawa yake ni kuiinua silinda kwa gasketi nene. Sina gasketi ya namna hiyo, hakuna aliye nayo. Chukua kopo la soda, likate kwa mkasi, linyooshe kwa chupa, lichore kwa gasketi ya zamani, pakaza gundi ya gasketi kidogo sana. Kopo moja ni jembamba mno kwa kuinua, kwa hiyo unapanga moja juu ya jingine na kila mara unapima. Kupima ni kwa waya wa risasi, ule wa kuchomelea redio. Uingize kwenye tundu la plagi hadi uguse ukuta, zungusha kranki pistoni ipande iubane, utoe uone umebanwa kiasi gani. Unene wake ukiwa chini ya nusu milimita, usithubutu kuwasha.

Lakini kuna kipimo kingine kabla ya waya, nacho ndicho nilichokiamini kuliko vyote. Unashika gurudumu la sumaku, unalizungusha polepole kwa mkono, na unasikiliza kwa vidole. Pistoni ikigusa dari, hata kwa unene wa unywele, utasikia.

Nililizungusha. Sikusikia kitu.

Nikalizungusha tena. Vidole vyangu vilikuwa vyeupe, kama vya maiti, vilikuwa vikifa ganzi hivyo tangu miaka miwili nyuma. Ni mtetemo wa mashine, vijana. Mnaishika miaka thelathini, siku moja vidole vinabaki kwako lakini havikuletei habari. Nilikuwa najidanganya kwamba ni baridi. Nilivibana kwapani nikangoja, nikajaribu mara ya tatu, na gurudumu lilizunguka kama linavyozunguka usingizini.

"Mama Yusta," nikamwita. "Njoo unishikie hapa."

Akaja. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa udongo, lakini ilikuwa hai. Nikamwelekeza: zungusha taratibu, ukisikia mahali panapokwama au panapogusa, niambie, usiogope kukosea. Akafumba macho. Nilikuwa sijamwambia afumbe.

"Hapa," alisema. "Juu kabisa. Panagusa kidogo halafu panaachia."

Nikaongeza kopo jingine. Akazungusha. "Bado, ila kidogo sana." Nikaongeza jingine. Akazungusha mara nyingi, akakunja uso, akasema, "Sasa panapita." Nikaingiza waya wa risasi, nikautoa, nikaupima. Ulikuwa sawasawa.

Vijana, nimefanya kazi na mafundi wenye vyeti na wasio navyo, na sijawahi kushirikiana na mtu bila kubishana kama siku ile.

Mashine iliwaka mvuto wa nne. Nilikwenda nayo mwenyewe, Gaudensi akiwa nyuma yangu kwenye bodaboda ameshika dumu la mafuta yaliyochanganywa na mimi, anaomba msamaha kila tukipita tuta. Niliisikiliza ilivyolia kwenye gogo la kwanza, nikageuza skrubu kidogo, nikamwachia Gaudensi. Alikata siku mbili. Watoto na majirani walibeba, na Mama Yusta alibeba kuliko wote. Akatia moto jioni, midomo yote ya tanuri ikawa myekundu, tukanywa chai pale pale tukiwa tumeketi kwenye magogo. Gaudensi akaniuliza kama kuna neno jingine la pwani ambalo ningependa kumwambia kabla hajaharibu tena. Hata Mama Yusta alicheka.

Mvua ilikuja siku iliyofuata alasiri, tanuri likiwa katikati ya kuiva. Si manyunyu, mvua yenyewe. Watu walikimbia kung'oa mabati kwenye mabanda ya nguruwe, wakaezeka juu ya tanuri, wengine wakashikilia mabati kwa mikono maana upepo ulikuwa unayachukua. Mama Yusta alikuwa kwenye midomo ya tanuri, anasukuma kuni ndani, mvuke unamfunika. Nilikuwa nimesimama na bati langu juu ya kichwa nikimwomba Mungu kwa Kihehe, lugha ambayo siitumii kuomba, na sikuwa naomba kitu kingine zaidi ya saa chache.

Zile saa zilipatikana nusu. Moto haukuzimika, lakini upande mmoja wa juu ulikunywa maji.

Baada ya tanuri kupoa nilipanda tena kwenda kuona likifunguliwa. Safu za juu zilimong'onyoka mikononi mwa watu, zikawa udongo uleule. Waliendelea kushuka safu kwa safu. Mama Yusta alitoa tofali kutoka tumboni mwa tanuri, akalishika kwa mkono mmoja, akachukua jingine, akayagonganisha. Tofali lililoiva linalia kama sufuria, na lisiloiva halina sauti. Watu waliomzunguka walinyanyua vichwa, wengine wakaanza kutabasamu.

Akanipa. Labda aliona nimesimama tu. Nilipitisha vidole juu yake kama nilivyopitisha kwenye silinda maelfu, na sikujua kama ni laini au linakwaruza, ni la moto au la baridi. Nikaligonga na jingine. Niliona yakigongana. Masikio yangu, baada ya miaka yote ile ya kelele, hayakuniletea mlio ule mwembamba.

"Limeiva?" nikamuuliza.

Alinitazama mikono, kisha usoni, na nadhani pale ndipo alipoelewa kwa nini nilimwita kwenye gurudumu.

"Limeiva, fundi," alisema kwa sauti kubwa, ili nisikie. "Vyumba viwili vinatoka."

Nilifurahi kwa ajili yake, nilifurahi kweli, na wakati huo huo nilitaka kuketi chini nilie. Nikalirudisha tofali kwenye rundo lake, nikapanda bodaboda. Jioni ile nilianza kupanga spana zangu kwenye gunia.